Msaidizi wa dukani au msaidizi wa mtandaoni? Ulinganisho kwa mwenye biashara ndogo Dodoma

Duka langu ni fremu moja, si mbali na Soko la Majengo. Nauza mafuta ya alizeti ya kukamua, karanga, ubuyu na unga wa lishe. Mchana wateja wanakuja kwa miguu, jioni wanakuja kwa simu. Kuanzia saa 12, watumishi wakishaondoka Mji wa Serikali kule Mtumba, WhatsApp inaanza: "Dada habari, mafuta ya lita tano yapo?" "Mnaleta Ilazo?" "Nitumie namba ya kulipia." Saa 4 usiku bado nilikuwa najibu. Asubuhi nakuta nimeahidi oda tatu ambazo sikuziandika popote, na mteja wa nne amenunua kwingine kwa sababu nilisinzia kabla ya kumjibu.

Kwamba nahitaji mtu, nilijua. Mtu wa aina gani, sikujua. Nimejaribu kumwajiri binti wa kukaa dukani, nimejaribu msaidizi wa mtandaoni, nimejaribu mwanafunzi na nimejaribu ndugu, kila mmoja kwa pesa yangu. Haya ninayoyaandika ni kwa ajili ya mwenye fremu kama yangu ambaye sasa hivi ana pesa ya kumlipa mtu mmoja tu na hawezi kukosea.

Tuelewane kwanza

Msaidizi wa mtandaoni ni mtu anayefanya kazi za ofisi yako akiwa kwake. Anaweza kuwa Chang'ombe hapa hapa, anaweza kuwa Singida mjini au Mbeya. Anajibu wateja, anaandika oda, anatengeneza ankara, anakumbusha madeni, anampangia boda safari, anapandisha picha za bidhaa na kujumlisha mauzo ya wiki. Hapimi mafuta. Hafungui duka wewe ukiwa msibani. Nimewasikia wafanyabiashara wakimlaumu mtu wa namna hii kwa mambo ambayo hata angetaka asingeyaweza, kwa hiyo afadhali lisemwe mwanzoni.

Gawa kazi kabla hujatafuta mtu

Nilichukua daftari la shule nikapiga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja nikaandika MKONO, upande wa pili SIMU. Kwa siku 7 kila kilichoniinua kwenye kiti au kunishikisha simu nilikiandika pamoja na dakika zake. Kupima karanga: mkono. Kupokea madumu yanayotoka Singida: mkono. Kujibu "bei gani": simu. Kumkumbusha mama lishe deni lake kwa adabu: simu. Kufunga chupa zisivuje kabla ya kuzipeleka stendi ya Nanenane: mkono. Kumtumia mteja wa Morogoro namba ya basi lililobeba mzigo wake: simu.

Upande wa simu ulijaa kuliko nilivyodhani, ila ulijaa jioni tu. Mchana simu ilikuwa inakaa kimya hata saa nzima. Hapo nikaona kosa nililokuwa nalifanya. Mtu wa kazi za mkono unanunua siku yake, kwa sababu lazima awepo hata kama hakuna mteja. Mtu wa kazi za simu unanunua saa zake. Ukinunua siku nzima kwa kazi ya saa mbili, au saa mbili kwa kazi ya siku nzima, utasema umepata mtu mbaya wakati mtu hana tatizo, kipimo ndicho kilichokosewa.

Jambo la pili daftari lilionyesha kwamba maswali mengi ya simu yalikuwa matatu tu: ipo, bei gani, mnafikisha wapi. Hayo hayahitaji mshahara wa mtu. Programu ya WhatsApp Business ni ya bure, ina katalogi ya kuweka picha na bei, ina majibu ya haraka unayoyaandika mara moja na kuyaita kwa neno fupi, ina ujumbe unaojituma wenyewe ukiwa umefunga, na ina lebo za kutenganisha "amelipa" na "anasubiri". Nilitumia jioni mbili kuiweka sawa. Nakuomba ufanye hivyo kabla ya kumtafuta mtu yeyote, maana itakuonyesha kazi halisi inayobaki. Kwangu ilibaki kazi ya kuongea na mteja anayesita, kufuatilia mzigo na kufuatilia madeni. Hiyo ndiyo inayotaka mtu.

Hesabu ya pesa, bila kujidanganya

Tuseme mshahara wa binti wa dukani ni shilingi 300,000 kwa mwezi, ili hesabu iwe nyepesi. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida mnagawana nusu kwa nusu: yeye 30,000, wewe 30,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachukua asilimia 0.5, yaani 1,500, na hiyo ni yako. Tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, haikugusi kama una wafanyakazi chini ya 10. Kodi ya mshahara inaanza juu ya 270,000, na kwa kuwa mchango wake wa NSSF unatolewa kwanza, kwenye mfano huu hakatwi kitu. Kwako mfukoni zinatoka 331,500, kwake zinafika 270,000.

Halafu kuna yasiyoonekana kwenye mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya siku 28 yenye malipo kila mwaka, likizo ya uzazi ya siku 84, na notisi ya siku 28 akiwa analipwa kwa mwezi. Saa zake za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Mimi naona haya ni haki yake kabisa, na anayeyakwepa anajitafutia kesi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini uyaingize kwenye hesabu kabla hujaahidi mshahara.

Msaidizi wa mtandaoni anayejitegemea unamlipa kwa saa au kwa kazi. Hana mchango wako wa NSSF, bando na umeme ni vyake mkikubaliana hivyo, kompyuta ni yake. Ukimlipa mtoa huduma mkazi kuna kodi ya zuio ya asilimia 5: kwenye ankara ya 200,000 unakata 10,000 unapeleka TRA, yeye anapokea 190,000 pamoja na cheti cha zuio anachokitumia kwenye kodi yake. Awe na TIN basi. Na mseme mapema kama malipo kwa simu ni "pamoja na ya kutolea" au la. Ni jambo dogo, lakini nimeona linavyochosha kila mwisho wa mwezi.

Sasa weka pande mbili pamoja, kwa pesa ile ile ya 331,500:

| | Wa dukani | Wa mtandaoni |
|---|---|---|
| Unanunua nini | Siku, saa 45 kwa wiki | Saa 3 za jioni, siku 6 |
| Saa kwa mwezi | Kama 195 | 78 |
| Kila saa inakugharimu | 1,700 | 4,250 |
| Kazi za mkono | Anafanya | Hawezi |
| Saa 2 usiku | Ameshaenda kwake | Yupo kazini |
| Kazi ikipungua | Mshahara uko pale pale | Saa zinapungua |

Wengi wakiona 1,700 na 4,250 wanasema wa dukani ni nafuu, wanafunga mjadala. Swali ni kama una kazi ya saa 195. Kama unayo, mwajiri leo. Kama kazi yako ya simu ni saa 10 kwa wiki, basi wa mtandaoni kwa bei hiyo hiyo kubwa ya 4,250 kwa saa anakugharimu kama 184,000 kwa mwezi, na unabakiwa na karibu 150,000 za kununulia mzigo.

Kwa Dodoma kuna jambo la kuongeza kwenye hesabu hii. Biashara yetu ina misimu yake, na mingi haitokani na mvua. Bunge la bajeti likianza Aprili mji unajaa mpaka mwisho wa Juni, wageni wanatafuta mafuta na karanga za kurudi nazo kwao. Agosti kuna Nanenane pale Nzuguni. Tangu treni ya SGR ilipoanza kufikisha abiria Dodoma, Julai 2024, nimepata oda za aina mpya kabisa: mtu anaandika saa 4 asubuhi akiwa kikaoni, anataka mzigo wake umfikie kabla ya treni ya jioni. Halafu Bunge linaahirishwa, na wiki mbili nzima simu inapoa. Saa za msaidizi wa mtandaoni zinaweza kupanda na kushuka na misimu hiyo, mkiwa mmeafikiana toka mwanzo. Mshahara wa dukani haushuki, na haupaswi kushuka.

Saa 45 ambazo wengi hawazijui

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Watu wanadhani ukimwita mtu "msaidizi wa mtandaoni" badala ya "mfanyakazi", sheria ya ajira haikuhusu tena. Si hivyo. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, inasema mtu anayekufanyia kazi anachukuliwa kuwa mwajiriwa kukiwa na hata dalili moja kati ya kadhaa. Mojawapo ni kwamba kwa miezi 3 iliyopita amekufanyia wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi. Nyingine ni kwamba wewe ndiye unayempangia saa, kwamba unampa vitendea kazi, kwamba anakutegemea wewe kwa kipato, au kwamba anafanya kazi kwako peke yako. Ni kazi ya mwenye biashara kuthibitisha kuwa sivyo.

Rudi kwenye jedwali: saa 78 kwa mwezi. Huyo, baada ya miezi mitatu, kisheria ana kila sababu ya kudai kuwa ni mwajiriwa wako, hata kama hajawahi kukanyaga Majengo.

Msaidizi wangu wa sasa alianza kwa saa 10 kwa wiki, yaani kama 43 kwa mwezi, kwa sababu ndiyo kazi iliyokuwepo. Alikuwa na wateja wengine wawili, na alijipangia mwenyewe mengi. Bunge la bajeti lilipokuja tukapanda mpaka saa 16 kwa wiki na zikabaki huko hata baada ya Juni, maana wateja waliongezeka. Nilipojumlisha nikaona tumevuka. Nikampigia nikamwambia, mdogo wangu, sasa wewe ni mwajiriwa wa muda, tuandikiane mkataba, NSSF ianze. Gharama ilipanda kidogo. Yeye naye akaachana na wale wateja wake wengine wawili polepole, kwa hiari yake. Sijutii. Mtu anayekushikia wateja usiku wewe ukiwa umelala anastahili kuwa na kitu akiugua.

Kuujua mji

Wa dukani ana faida moja ambayo hakuna pesa inayoinunua haraka: anaujua mji. Msaidizi wangu wa kwanza wa mtandaoni alikuwa Dar es Salaam, mwepesi wa kuandika, mwenye adabu, hakuwahi kuchelewa kujibu. Wiki ya pili mteja akamuuliza, "Kondoa mnaleta?" Akajibu, "Ndiyo mama, boda atakuletea ndani ya saa moja," akamtajia nauli ya boda ya mjini. Kondoa iko zaidi ya kilomita 150 kaskazini mwa jiji. Yeye alidhani ni mtaa, kama Kisasa au Nkuhungu. Nilipeleka ule mzigo kwa basi kwa gharama yangu, kwa sababu neno lilikuwa limeshatoka dukani kwetu.

Kosa lile lilikuwa langu. Sikumpa ramani ya biashara. Baadaye nilikaa Jumapili moja nikaandika kurasa nne: mitaa tunayofika kwa boda na nauli ya kila mmoja, miji tunayotuma kwa basi, mabasi ya Kondoa, Mpwapwa na Singida yanaondoka saa ngapi, mafuta yakivuja njiani nani anabeba hasara. Kurasa zile zimenisaidia hata kwa binti wa dukani. Pia nikaanza kutafuta msaidizi aliyewahi kuishi Dodoma, hata kama sasa yuko mbali. Ninaye sasa aliyesoma UDOM miaka mitatu. Anajua mteja akisema "nipo Makole karibu na reli" maana yake nini. Mama mmoja wa Bahi hutuma ujumbe wa sauti akianza na "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, na binti huyu anaitikia vizuri kabla ya kufika kwenye bei. Yule mama hanunui kwingine.

Salamu ni kitu kikubwa. Mteja wetu akiandika "Habari za jioni" akajibiwa bei moja kwa moja, anahisi ameongea na mashine. Kwenye majaribio mimi nasoma salamu kwanza, hesabu baadaye.

Simu, laini na pesa

Hofu ya wengi kuhusu mtu wa mbali ni wizi. Nimeifikiria sana, nikaona hatari haiko mahali tunapodhani. Binti wa dukani anashika pesa taslimu na mzigo kila siku. Msaidizi wa mtandaoni, ukipanga vizuri, hashiki hata senti. Kinachopita mikononi mwake ni majina, namba na mahali wanapoishi wateja wako.

Laini yako ibaki kwako. WhatsApp inaruhusu kuunganisha vifaa vinne zaidi kwenye akaunti moja. Msaidizi anafungua WhatsApp kwenye kompyuta yake, anachagua kuunganisha kwa namba ya simu, anapata msimbo wa herufi na tarakimu 8, anakutajia mkiwa mnaongea kwa simu, wewe unauingiza kwenye simu yako. Siku mkiachana unafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa unamwondoa, kazi ya sekunde chache. Angalizo: matapeli hutumia njia hii hii, kwa hiyo usiingize msimbo wa mtu ambaye hukumpigia wewe mwenyewe. Na ule msimbo wa tarakimu 6 unaokuja kwa ujumbe mfupi wakati wa kusajili WhatsApp hautajwi kwa mtu yeyote, hata ndugu. Weka pia uthibitishaji wa hatua mbili.

Pesa ziingie kwenye Lipa Namba ya duka, taarifa zije kwenye simu yako. Namba ya siri haitoki. Hapa lakini njia ya mtandaoni ina udhaifu wa kweli: msaidizi hawezi kuona kama pesa imeingia. Mteja anatuma picha ya ujumbe wa muamala, na picha hizo hughushiwa kila siku. Sisi tumeweka utaratibu kwamba hakuna mzigo unaotoka mpaka mimi au binti wa dukani tuandike "imeingia" kwenye grupu letu la watu watatu. Jioni nyingine nachelewa kuandika, mteja anakasirika. Sijapata dawa bora ya hilo. Kama biashara yako inategemea mzigo kutoka dakika ile ile pesa inapoingia, kwa chakula cha moto kwa mfano, mtu wa dukani mwenye simu ya duka mkononi atakufaa zaidi.

Kuhusu taarifa za wateja, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Namba na anwani ulizopewa kwa ajili ya kufikisha mafuta si zako kugawa, wala za msaidizi wako kuondoka nazo. Liandike hilo kwenye makubaliano kwa Kiswahili chepesi: hanakili orodha, hawatumii wateja matangazo ya biashara nyingine, akiondoka anafuta. Orodha ya oda iwe kwenye jedwali la mtandaoni ambalo wewe ndiye mmiliki na yeye umemkaribisha tu.

Mwanafunzi, ndugu, wakala

Mji wetu una bahati ya vyuo: UDOM, St. John's, Chuo cha Mipango, CBE. Mwanafunzi anafaa sana kwa kazi za jioni, ana simu nzuri, anaelewa haraka. Udhaifu wake unajulikana kwa tarehe: wiki za mitihani na likizo ndefu. Nilimpata mmoja mzuri, akanijulisha ratiba yake mapema, na wiki hizo nilirudi kwenye majibu ya haraka na usingizi kidogo. Ukiweza kuvumilia hilo, ni mwanzo mzuri kuliko wote kwa bei.

Ndugu ni habari nyingine. Mdogo wa mume wangu alinisaidia miezi minne, kwa moyo. Lakini nilishindwa kumwambia amekosea kama ambavyo ningemwambia mtu baki, naye alishindwa kuniambia kwamba "asante" na nauli havimtoshi. Tulikuja kuzungumza mbele ya mama mkwe, tukamaliza vizuri. Kama utamchukua ndugu, mlipe kama unavyomlipa mtu mwingine, na muandikiane.

Wakala, yaani kampuni inayokupa msaidizi na kumsimamia, ana jambo moja jema: akiugua huyu, wanaleta mwingine. Unalipia usimamizi huo, na yule mwingine anaanza upya kujifunza Kondoa iko wapi. Kwa fremu moja naona ni mapema. Kuna pia wasaidizi wa nje ya nchi kupitia majukwaa kama Upwork na Fiverr. Kwa wateja wa Kiswahili hawafai, na saa zenyewe hazilingani: saa 2 usiku yetu, Manila ni saa 7 usiku.

Nani achague nani

Anayeongoza watalii kwenda kuona michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, karibu kazi yake yote ya ofisi ni barua pepe, tarehe, malipo ya awali na maswali ya wageni. Huyo asipoteze pesa kwenye fremu wala binti wa mapokezi. Achukue msaidizi wa mtandaoni mwenye Kiingereza safi, na atumie muda wake barabarani na wageni.

Mwenye saluni Area C ana kazi ya mkono toka asubuhi mpaka jioni. Simu yake inataka jambo moja tu, kupanga nani aje saa ngapi. Aanze na WhatsApp Business na mwanafunzi wa saa chache Ijumaa na Jumamosi. Mtu wa siku nzima atakaa akiangalia kioo.

Mwenye duka la nafaka au vifaa vya ujenzi, ambaye wateja wake wengi wanataka kushika mfuko kabla ya kulipa, aajiri wa dukani na asisikilize kelele za mtandaoni. Na aliye kama mimi, nusu kaunta nusu simu, aanze na wa dukani, kisha jioni zikimzidi aongeze saa chache za mtandaoni. Mimi nilianza kinyume, nikawa na oda nyingi zilizoandikwa vizuri na hakuna mkono wa kuzifunga.

Ukishaamua, mjaribu kwa malipo

Usimpe mtu kazi kwa sababu ya wasifu mzuri. Nachagua jumbe 10 za kweli za wateja, natoa majina na namba, namtumia pamoja na zile kurasa nne. Namlipa kwa muda huo, kazi ya mtu hailiwi bure. Ndani naweka ujumbe wa "Mbona ghali hivyo?", naweka mteja anayelalamika chupa imevuja, naweka mmoja anayeandika kwa hasira. Ninachotafuta ni mtu anayeuliza pale asipojua. Aliyejibu yote 10 bila kuniuliza hata swali moja ananitia wasiwasi kuliko aliyeuliza matano.

Muulize pia umeme ukikatika saa 1 usiku anafanyaje. Awe na chaji ya akiba na laini mbili za mitandao tofauti. Kwa mtu wa mbali, akizimika yeye duka limefungwa na wewe huna habari.

Mpe mipaka iliyo wazi. Wa kwangu anaruhusiwa kumaliza lalamiko lisilozidi shilingi 10,000 bila kunipigia: kurudishia nauli ya boda, kuongeza kipimo cha karanga. Juu ya hapo ananiuliza. Bei hapunguzi. Mwezi wa kwanza nilisoma mazungumzo yake nusu saa kila asubuhi, na jioni tuliongea dakika 10 kabla hajaanza. Ule mwezi ulinichosha kuliko nilipokuwa peke yangu, na nisingependa ukushtue ukadhani umekosea. Mwezi wa pili nilisoma mara mbili kwa wiki. Wa tatu, saa 2 usiku, nilikuwa mezani na watoto, simu iko chumbani inachajiwa, na oda ya Ilazo ilikuwa imeshaandikwa.